Mita Inajua Nikidaiwa Kumi, Choo Kikijaa Haijui

Wasee, leo tunaongea kuhusu choo. Najua kuna mtu anakula akisoma hii. Weka sahani kando kidogo, chakula hakitoroki.

Ploti yetu ina ghorofa saba na nyumba 64, na iko bondeni. Ukitoka kwa geti unapanda mlima mdogo ndio ufike barabarani, na bomba kuu la majitaka la mtaa limepita huko juu. Sasa piga picha. Maji ya kuoga, ya kufua, ya vyombo na yale mengine ya nyumba zote 64 yanateremka hadi shimo moja nyuma ya ngazi, halafu yanatakiwa yapande mlima. Majitaka hayajui kupanda mlima. Ndani ya lile shimo kuna pampu imezama, na ni hiyo pampu peke yake inatutenganisha na aibu. Nimeishi hapo miaka miwili bila kujua kama iko. Hakuna mtu huuliza habari ya pampu mpaka ikufe.

Ilikufa Jumamosi usiku, msimu wa mvua. Stima ilipotea, kama kawaida yake mvua ikipiga. Ikarudi, watu wakapiga kelele za furaha kwa balkoni, kila mtu akarudi kwa simu yake. Pampu haikurudi. Kuna swichi ya usalama ambayo huruka mota ikizidiwa, na ikisharuka inangoja mtu aibonyeze kwa mkono. Huyo mtu ni keateka, na keateka alikuwa ameenda kwao matangani. Sisi wa juu tukaendelea na maisha: tukaoga, tukavuta maji ya choo, tukamwaga maji ya sufuria. Kila tulichomwaga kikashuka na kukaa. Kama saa kumi za usiku shimo likajaa, na maji yakijaa hutafuta mlango ulio chini kuliko yote. Mlango huo ulikuwa choo cha jirani wetu wa nyumba ya kwanza.

Huyu ni mama anayepika chapati na maharagwe, anauzia vijana wa mjengo kuanzia alfajiri. Anaamka saa kumi na moja kukanda unga. Siku hiyo aliteremsha miguu kutoka kitandani, ikatua kwa maji. Magunia mawili ya unga wa ngano yalikuwa sakafuni. Mkoba wa shule wa mtoto wake wa Gredi ya Nne ulikuwa sakafuni. Mtu wa nyumba ya chumba kimoja ataweka wapi vitu kama si sakafuni?

Tulishuka kumsaidia, wengine na mifagio, wengine na simu (nilikuwa na vyote viwili, sitadanganya). Tulimwaga klorini mpaka macho yakauma. Hakulia, hakutukana. Tulipomaliza akasimama mlangoni, akaangalia mita ya maji ukutani, ile mpya ya kulipia tokeni ambayo landilodi alikuwa amefunga kila nyumba miezi miwili kabla. Akasema, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: “Hii mita inajua nikidaiwa shilingi kumi. Choo kikijaa haijui?”

Nikamwambia, “Mathe, hizo ni vitu mbili tofauti.” Akaniangalia tu. Nilipopanda ngazi kurudi kwangu nikagundua kwamba nimemjibu ujinga. Si vitu viwili tofauti. Ni kitu kile kile.

Hebu tuifungue hiyo mita. Ndani kuna kitu cha kuhesabu maji, betri, redio ndogo ya kutuma hesabu, na vali inayojifunga. Landilodi wetu haishi hapa. Anaketi kwake, anafungua simu, anaona nyumba fulani imetumia lita ngapi leo. Tokeni ikiisha saa tano usiku ukiwa na sabuni kichwani, vali inajifunga bila hata kubisha. Hiyo ndiyo teknolojia “smati”, na si ile smati ya kuvaa suti. Alinunua 64. Kwa shimo ambalo likishindwa watu wanaamka ndani ya kinyesi, alichonunua ni boya moja la plastiki lenye swichi ndani, na pua ya keateka.

Maoni yangu ndiyo haya. Mtaani kwetu hii teknolojia imefika kitambo, ni vile imegeuzwa uso. Inaangalia upande ambao pesa inaingia. Upande ambao uchafu unatoka, bado tunategemea harufu.

Kumbe ule upande wa pili ndio rahisi zaidi. Nilisoma uhandisi wa umeme miaka miwili kabla karo initoe, na moja ya vitu vichache nilivyobaki navyo ni hesabu ya pampu. Twende pole pole.

Tuseme ploti ina watu 192, kila mmoja anamwaga lita 60 kwa siku. Hizo ni kama lita 11,500. Tuseme pampu inaziinua mita sita, pamoja na msuguano wa bomba. Kwa fizikia tupu, kazi hiyo haifiki robo ya uniti ya stima kwa siku. Na pampu za majitaka si malaika, zinapoteza nguvu nyingi kwa sababu zimetengenezwa zipitishe vitu vikubwa bila kukwama. Hata ikipoteza robo tatu ya nguvu yote, bado haifiki uniti moja kwa siku. Uniti moja, nyumba 64! Pasi yako inakula zaidi ya hiyo wikendi moja.

Sasa mtu wa ghorofa ya nne anatupa kitambaa cha vyombo kwa choo. Kitambaa kinashuka, kinajisokota kwenye feni ya pampu. Mota inazunguka lakini maji hayapandi. Boya bado liko juu, kwa hivyo pampu haizimi. Pampu ya kilowati 1.5 ikizunguka hivyo kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi inakula uniti 13 na nusu bila kufanya kitu. Hiyo ni stima ya zaidi ya wiki mbili za kazi halali, imeishia kupasha majitaka moto. Kesho yake waya za mota zimeungua, fundi anakuja, mota inasukwa upya kwa shaba mpya, na ile siku mbili ya kungoja inaitwa lori la kunyonya, linatembea kwa dizeli kutoka upande wa pili wa jiji.

Ndio maana neno “endelevu” hunichekesha likiishia kwa picha ya paneli za sola. Kenya, takriban 90% ya stima tayari inatoka kwa mvuke wa ardhini Olkaria na kwingineko, maji, upepo wa Turkana na jua. Kubandika paneli moja juu ya shimo la choo si vibaya, lakini hasara kubwa haiko hapo. Hasara iko kwa pampu inayozunguka bure, mota inayokufa kabla ya wakati wake, lori la dizeli, na uchafu unaoishia mtoni. Hivyo vyote vinaanza na jambo moja: hakuna aliyejua mapema.

Kujua ni bei rahisi. Waya wa stima unaoingia kwa pampu una habari zote. Pampu ikifanya kazi vizuri inavuta kiasi fulani cha umeme. Ikianza kusongwa, kile kiasi kinabadilika kabla maji hayajafika popote. Ikivuta sifuri na boya liko juu, imekufa. Kuna pampu za kisasa ambazo zinasoma hayo zenyewe: zikihisi kitambaa, zinasimama, zinazunguka kinyumenyume mara kadhaa mpaka kiachie, kisha zinaendelea. Hakuna mtu ameinamia shimo. Hiyo peke yake ingetosha kwangu kuziita za maana, kwa sababu mashimo haya yanaua. Gesi ya majitaka, ile inayonuka kama yai bovu, ikizidi inaua kwanza uwezo wako wa kuinusa, halafu wewe. Tafadhali, hata kama ni simu yako imeanguka humo, usiingie. Na usimtume fundi aingie kwa sababu ni yeye anahitaji hiyo mia tano.

Kuna na ujanja wa kasi, ambao watu wa mauzo wanaupenda sana, kwa hivyo nieleze na mahali unaponyimwa. Pampu ya kawaida ni kama matatu ya zamani: ama imesimama ama imekanyagwa mpaka mwisho. Ukiifungia kidhibiti cha mwendo, unaweza kuizungusha polepole maji yakiwa machache. Nguvu inayotakiwa inashuka haraka kuliko kasi: kasi ikishuka hadi 80%, nguvu inashuka hadi karibu nusu. Ukisikia hivyo unataka kukimbia dukani. Ngoja. Hesabu hiyo inakaa vizuri pale kazi kubwa ya pampu ni kushinda msuguano wa bomba refu. Kama kazi ni kuinua maji juu, kama kwetu, kuna kasi ambayo ukishuka chini yake pampu inazunguka tu na maji hayasongi hata kidogo. Na majitaka yakitembea polepole sana, chini ya kama mita 0.6 kwa sekunde, mchanga na vitu vizito vinaanza kulala ndani ya bomba, na sasa umejitengenezea kizibo. Kwa kituo kikubwa cha mji chenye pampu nne tano, kidhibiti hicho kinalipa. Kwa ploti yenye pampu moja ndogo, ukiuziwa hicho umeuziwa hewa. Nunua pampu ya pili ya akiba kwanza.

Mtu aliniuliza kwa maoni: si basi tusukume majitaka usiku, wakati stima ni nyingi? Swali zuri. Ni kweli usiku Wakenya wakilala matumizi yanashuka, na pale Olkaria kuna wakati mvuke unaachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Na tangu mwisho wa 2017 wateja wakubwa wa biashara na viwanda wamekuwa na mpango wa bei nafuu saa za usiku. Kwa maji safi ni rahisi: jaza tangi usiku, tumia mchana. Majitaka ni mgeni wa aina nyingine. Yanakuja saa kumi na mbili asubuhi watu wakioga na saa mbili usiku watu wakipika, na ukiyaweka shimoni muda mrefu yanaoza, yanatoa ile gesi, na gesi inakula saruji na chuma. Kwa hivyo unaweza kuyachelewesha kidogo tu, saa moja, labda mbili, usubiri bomba la barabarani lipumue. Huo ucheleweshaji mdogo ndio kazi halisi ya kompyuta hapa: kushusha shimo mapema kabla ya saa za watu wengi, na kuacha nafasi mvua ikiwa njiani.

Sasa nitoke kwa ploti kidogo, kwa sababu hii si hadithi ya landilodi mmoja.

Nairobi ina bahati ya ardhi. Jiji limeinama kuelekea mashariki, kwa hivyo sehemu kubwa ya majitaka yanayoingia kwa mabomba yanateremka yenyewe kufuata mito hadi mabwawa ya Ruai, ambako jua, bakteria na mwani vinafanya kazi ya kusafisha. Yakitoka hapo yanaingia Mto Nairobi, unaoingia Athi, ambao mbele unaitwa Galana na kisha Sabaki, na unamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hivyo msee wa Malindi, sisi tunajuana kuliko unavyodhani. Lakini majengo yetu mapya yanajengwa kila mahali, hata mahali ambapo mteremko umeisha, na kila moja linachimba shimo lake na kutupa pampu yake ndani. Hizo pampu haziko kwa ramani ya mtu. Nani anajua ziko ngapi? Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipotuletea mafuriko, kila mtu alionyeshwa mito. Wachache walionyeshwa vyoo vilivyorudisha.

Mjini Kisumu, ambako sehemu za chini zimelala karibu sawa na ziwa, pampu si jambo la ploti, ni jambo la mji mzima. Mombasa hivyo hivyo, kisiwa kimezungukwa na bahari, mteremko utautoa wapi? Pampu ikizima huko, majitaka hayana subira. Yanaenda kwa maji ambayo mtu anavua samaki.

Kuna mji Marekani unaitwa South Bend, jimbo la Indiana. Si mji wa matajiri wa sinema, ni mji wa viwanda vilivyofungwa. Mabomba yake ya zamani yalibeba mvua na choo pamoja, na mvua ikizidi yote yalimwagika Mto St. Joseph. Njia ya kawaida ya kutatua hilo ni kuchimba mabomba na matangi makubwa zaidi, kwa mamia ya mamilioni ya dola. Wao, kuanzia 2008, wakaanza na kitu kidogo: vihisi ndani ya mitaro, sasa ni zaidi ya 100, na vali zinazojiendesha. Kompyuta ikiona bomba la upande huu limejaa na la upande ule lina nafasi, inageuza maji. Umwagikaji ulishuka kwa zaidi ya 70%. Mabomba yalikuwa yale yale. Hawakuwa na upungufu wa nafasi pekee, walikuwa na upungufu wa habari kuhusu nafasi waliyokuwa nayo. Kazi yao kubwa ilikuwa vali, yetu ni pampu, lakini kanuni ni moja.

Najua kuna mtu tayari anaandika: “South Bend si Umoja.” Ni sawa. Na mimi siamini kwamba ukinunua vihisi 100 mambo yameisha. Kihisi kikiwekwa chini ya shimo kinafunikwa na mafuta ya kupikia ndani ya wiki chache na kuanza kusema uongo. Kikiwekwa juu, buibui anajenga nyumba mbele yake, au povu la sabuni linakidanganya kwamba maji yamepanda. Betri inakufa. Laini ya simu inaisha kifurushi. Kisanduku kinachomeka meme juu ya ukuta kinaonekana kama pesa kwa mtu anayepita. Teknolojia isiyo na mtu wa kuipangusa ni pambo. Nikiambiwa nichague kati ya kihisi cha bei ghali bila fundi na fundi mwenye ratiba bila kihisi, nitachukua fundi kila siku. Ninachokataa ni kuambiwa nichague, wakati mita 64 zimenunuliwa.

Basi tulifanya hivi. Mimi na jamaa wa ghorofa ya tano anayetengeneza simu tulinunua kihisi cha sauti kisichoingia maji, kile kinachotuma mlio na kusikiliza ukirudi, kompyuta ndogo yenye nafasi ya laini ya simu, betri na kisanduku. Yote ilikuwa chini ya elfu nane, tukachanga nyumba 50 na kitu (wale wengine mnajijua). Betri ni lazima, kwa sababu kengele inayotegemea stima italala usiku ule ule pampu inalala. Kisanduku kiko nje ya shimo, kihisi pekee ndicho kinachungulia ndani kupitia kifuniko, sababu ya gesi. Chini yake tukaning'iniza boya la pili, la kizamani kabisa, liwe shahidi: kihisi kikisema maji yamepanda na boya likatae, meseji inaandika “angalia, huenda ni povu.” Kinapima kila dakika tano, maji yakipita alama kinatuma meseji.

Meseji ya kwanza ilikuja saa nane usiku. Tulishuka mbio na tochi. Buibui.

Ya pili haikuwa buibui, na hapa ndipo mambo yalinoga. Ilikuwa usiku wa mvua kubwa, saa tisa, watu wote wamelala, hakuna anayeoga. Kwenye simu nikaona mchoro wa maji ya shimo unapanda kama ngazi. Mvua ikipungua, mchoro unalala. Ikizidi, unapanda. Nikamwamsha yule jamaa, tukasimama kwa ngazi tukisikiliza. Bomba la paa lilikuwa linanguruma, na halikuelekea nje. Limeunganishwa na shimo la choo.

Piga hesabu na mimi. Paa letu ni kama mita za mraba 300. Mvua ya milimita 40 usiku mmoja, ambayo Nairobi msimu wa mvua si ajabu, ni lita 12,000. Hiyo ni zaidi ya majitaka ya nyumba zote 64 kwa siku nzima, yakiingia kwa masaa machache, yakisukumwa mlimani na pampu iliyonunuliwa kwa kazi ya nusu yake. Ile Jumamosi pampu haikuzidiwa na kitambaa cha mtu. Ilikuwa inasukuma mawingu tangu jioni. Stima iliporudi ikakuta shimo limejaa, ikajaribu kuanza, ikachoka. Na keateka ambaye kila mtu alimlaumu kwa kwenda kuzika ndugu yake hakuwa na kosa lolote.

Kuna mtu aliunganisha hilo bomba la paa hapo kwa sababu ilikuwa njia fupi na bomba la nje lingegharimu mita chache zaidi. Bila ule mchoro tungeendelea kubishana kuhusu nani ametupa nini kwa choo, kila wiki, kwenye kile kikundi cha ploti, na vidole vingeelekezwa kwa watu wa ghorofa ya nne mpaka wahame.

Nilimpelekea landilodi picha ya mchoro. Nitasema ukweli, si mtu mbaya. Alipiga simu siku hiyo hiyo, akasema bomba la paa litahamishwa kabla ya mvua nyingine, na kwamba atalipia kifurushi cha laini ya kihisi kuanzia sasa. Nikafurahi. Halafu akaongeza: “Lakini kijana, hizo meseji ziwe zinakuja kwangu peke yangu. Watu wakiona kila saa shimo limepanda wataogopa, nyumba zitakaa tupu.”

Ninaelewa kwa nini anasema hivyo. Mita zinamwambia yeye peke yake, na amezoea. Ila yeye anaishi mbali, na maji yakipita alama kuna kama dakika arobaini kabla yafike sakafu ya nyumba ya kwanza. Dakika arobaini hazimtoshi kufika hapa, zinamtosha mtu wa chini kuinua unga, kuinua mkoba, na kugonga milango ya juu aseme wacheni kumwaga maji. Nimemwambia, “Mzee, tutakutumia wewe pia.” Hilo “pia” halikumfurahisha.

Tunakutana Jumapili saa nane kwa geti, yeye, keateka na sisi. Kwa sasa laini bado imesajiliwa kwa jina langu, na orodha ya nambari ina watu kumi na wanne. Nambari ya kwanza ni ya mama wa chapati. Alikuja kwangu mwenyewe juzi akiwa na simu yake ya vibonyezo, akataka nimhakikishie kwamba meseji itaingia hata kama hana bando. Nikamwambia itaingia, hii ni meseji ya kawaida. Akauliza kama inapiga mlio au inatetemeka tu, kwa sababu yeye hulala fofofo. Tukaijaribu hapo hapo mlangoni mara tatu, mpaka mtoto wake akatuambia tunyamaze, anafanya hesabu.